Gudrun na Duara la Sakafuni

Nilimjua Gudrun kwa sababu nilikanyaga sakafu yake mbichi. Ilikuwa shuleni Helsinge, mwaka wa sitini na sita. Nilikuwa nimetumwa kurekebisha kizingiti. Yeye alikuwa amepiga magoti mwisho wa ukumbi, tambara mkononi. Hakupiga kelele. Alisema, "Rudi ulikotoka, kwa nyayo zilezile."

Nikarudi kinyumenyume, nikiweka mguu palepale nilipouweka mwanzo. Akaziosha upya zile mbao nne nilizokanyaga, mmoja baada ya mwingine. Nilingoja nje mpaka zikakauka. Mwaka uliofuata tukaoana.

Binti yetu Bodil ameniomba niandike mama yake alikuwa mtu gani, kwa kuwa kusema sisemi. Nitaandika lile ninalolijua. Ninazijua sakafu.

Gudrun alizaliwa Jutland. Baba yake alichimba mboji ya kinamasi, ile inayokaushwa iwe kuni. Alikuja upande wetu akiwa na miaka kumi na saba kuosha sufuria hotelini, na hotelini wakagundua kwamba pale alipopita na tambara palikuwa peupe kuliko pengine. Kuanzia hapo hakuosha tena sufuria. Aliosha sakafu za mbao kwa zaidi ya miaka hamsini.

Si kila sakafu. Zake zilikuwa zile zisizopakwa rangi wala vanishi. Ubao mpya unafutwa kwa maji ya magadi ili usigeuke njano. Kisha unaoshwa kwa sabuni nyeupe iliyoparwa vipande vyembamba, ikayeyushwa kwa maji ya moto. Ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya maji matupu. Unafuata urefu wa ubao kutoka mwanzo hadi mwisho, na husimami katikati, hata simu ikilia, hata mfalme akiingia. Ukisimama katikati, alama inabaki. Sabuni inaingia kwenye ubao na kukaa humo, kidogo kila mwezi. Baada ya miaka kumi sakafu inakuwa kama uso wa mtu aliyelala vizuri.

Mimi nilikuwa fundi wa kulaza mbao. Nililaza, yeye akaamsha.

Zamani sakafu ya namna hiyo ilikuwa ya maskini asiyeweza kununua vanishi. Siku hizi ni ya matajiri. Gudrun hakubadilisha ndoo wala sabuni. Kilichobadilika ni anwani.

Sakafu yetu ya mwisho ilikuwa Rågeleje, ufukweni, kwenye nyumba mpya ya Henriette. Tulikuwa tumestaafu wote wawili, lakini msanifu wa nyumba, kijana anayeitwa Eskil Toft, alikuja mwenyewe na gari lake mpaka mlangoni kwetu. Alikaa kwenye kochi letu akaliangalia sana, kwa huruma. Alisema ana mbao za mwaloni za mita kumi na moja, hazina kiungo hata kimoja, na anataka zilazwe na wazee.

Gudrun akamuuliza, "Na kuoshwa?"

"Na kuoshwa pia, Gudrun."

"Na nani atakanyaga?"

"Nyumbani kwa Henriette viatu vinavuliwa."

"Viatu vinavuliwa kila nyumba. Ninauliza soksi. Mguu mtupu huacha mafuta."

Eskil akaandika kwenye daftari lake neno soksi.

Nyumba ile ni boksi refu juu ya mchanga, imefunikwa mbao zilizochomwa moto makusudi mpaka zikawa nyeusi. Ukuta wa upande wa bahari ni kioo kitupu. Ndani ni chokaa nyeupe. Jiwe la meza ya jikoni lina urefu wa kaburi la watu wawili. Makabati hayana vishikio, unabonyeza. Mlango wa choo umekatwa ndani ya ukuta wa mbao usiuone, nao unabonyezwa. Wageni hupapasa ukuta kwa mikono miwili kama wanaopekuliwa na polisi.

Sebuleni hakuna kitu. Hivyo ndivyo ilivyochorwa. Mita kumi na moja kwa saba, na kochi moja la kijivu lililosukumwa ukutani. Henriette alipouliza meza itakaa wapi, Eskil alimwambia, "Nafasi yenyewe ndiyo samani." Henriette alinisimulia hayo bila kucheka, nami sikucheka.

Mama yake Henriette, Oda, anaishi naye. Ana miaka tisini na moja na anatembea akisukuma kigari cha wazee chenye kiti. Alihamia na kiti chake cha zamani chenye mikono, kitambaa chake maua mekundu. Eskil na Henriette walikubaliana kiti kikae chumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa. Oda alikubali. Alisema yeye na kiti wote ni wa chumbani sasa.

Mbao tuliziingiza kabla kioo hakijawekwa, kwa sababu baada ya hapo zisingepita popote. Nilizilaza kwa wiki mbili na mtoto wa dada yangu. Gudrun akazifuta kwa maji ya magadi, akaosha mara nne. Alipomaliza tulisimama kizingitini na soksi zetu. Alisema, "Hii ndiyo nzuri kuliko zote, baba." Aliniita baba tangu Bodil azaliwe. Katika miaka yote hakuwahi kusema hivyo juu ya sakafu yoyote. Nililiweka neno hilo moyoni.

Hiyo ilikuwa Septemba. Krismasi ikaja.

Eskil alikuwa amependekeza tawi moja la msonobari ndani ya chupa ya kioo. Oda akamuuliza, "Tawi linazungukwaje?"

"Sijakuelewa, Oda."

"Tunashikana mikono, tunazunguka mti, tunaimba. Tangu nizaliwe. Sasa unataka watu wazima tisa wazunguke chupa?"

Kwa hiyo mti ukaja. Na kwa kuwa mti lazima uzungukwe, ukawekwa katikati, na katikati ya chumba kile ni katikati kweli. Oda akatoa mguu wa chuma wa kusimamishia mti, wa baba yake, mzito, wenye bakuli la maji. Henriette akatandika kitambaa cheupe chini yake, kipendeze. Wakazunguka, wakaimba, na mti ukakaa mpaka baada ya mwaka mpya, kama ilivyo desturi. Bakuli la baba yake Oda lilikuwa na ufa.

Mwaloni, maji na chuma havikai pamoja. Fundi yeyote anajua. Chuma kikilowa juu ya mwaloni, ubao unageuka mweusi kama wino, na weusi huo hauko juu, uko ndani. Gudrun hakuwahi kuvaa hata pini ya chuma kwenye nywele akiosha mwaloni.

Walipoutoa mti walikuta duara jeusi, ukubwa wa sinia, katikati ya sakafu. Henriette akalisugua. Alilisugua kwa dodoki la waya la kusugulia sufuria. La chuma. Likawa si duara tena bali mwezi mzima. Hapo ndipo alipopiga simu.

Gudrun aliliangalia akiwa amesimama. Kisha akapiga magoti na kulinusa.

"Nimefanya nini?" Henriette aliuliza.

"Umefanya kazi nyingi," Gudrun alisema.

Kesho yake Eskil alikuja. Alivua viatu, akalizunguka doa mara mbili, nadhani bila kujua kwamba anazunguka. Akapima kwa rula. Akasema doa limegusa mbao nne. Mbao nne ziondolewe, zije nyingine nne.

"Mita kumi na moja," nikasema. "Zitapita wapi?"

"Tutaondoa kioo."

"Na zikija, zitakuwa rangi moja na hizi?"

Alifikiri. "Hapana. Basi tuondoe zote."

Alikuwa na sababu. Ijumaa ya pili ya Aprili mpiga picha angekuja kuipiga nyumba kwa ajili ya kitabu cha kazi zake Eskil. Nyumba kumi na mbili, na hii ingekuwa ya kwanza. Alitueleza kwa adabu. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa tu hajawahi kuwa na doa.

Gudrun akasema, "Nipe mpaka hiyo Ijumaa."

"Gudrun, kama halitatoka?"

"Kama litaonekana siku hiyo, ng'oa. Sitakuja kuangalia."

Wakapeana mikono. Kwetu hilo linatosha.

Garini nikamkumbusha kwamba daktari alikuwa amemkataza kupiga magoti, kwa sababu ya moyo. Akasema, "Daktari ni wa moyo. Magoti ni yangu."

Basi kila Jumatano nilimpeleka. Duka la rangi linauza unga mweupe wenye tindikali ambao unatoa weusi wa chuma. Alichukua wa kujaa ncha ya kisu, si zaidi, akauyeyusha kwa maji ya uvuguvugu. Aliupaka kwa brashi ndogo ya watoto ya kuchorea, juu ya weusi tu, asiguse pembeni. Akangoja. Akaufuta kwa maji matupu mara tatu. Kisha akaosha sakafu yote kwa sabuni, kila ubao kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ukiosha katikati peke yake katikati ndiko kutakakoonekana. Halafu wiki nzima bila kugusa.

Mimi nilibeba ndoo mpaka kizingitini. Kuosha hakuniruhusu.

Wiki ya tatu nikasema, "Ongeza unga kidogo, mama. Tumalize."

"Ukiwa na haraka utapata doa jeupe badala ya jeusi. Jeupe halina dawa."

Oda alikuja kila Jumatano na kigari chake, akasimama kizingitini kutazama. "Nimekuharibia sakafu na mguu wa baba yangu," alisema siku moja.

"Baba yako alikuwa na mguu mzito," Gudrun akajibu bila kuinua kichwa. Oda alicheka mpaka ikabidi akalie kigari.

Mwisho wa Januari doa lilikuwa rangi ya kijivu. Katikati ya Februari lilikuwa kahawia. Mwanzo wa Machi lilikuwa kama chai iliyochujwa mara ya pili. Gudrun alikuwa amepungua pia. Kuinuka kulimchukua muda. Alishika bega langu kwa mkono mmoja na fremu ya mlango kwa mwingine.

Jumatano ya nane alikaa garini bila kufunga mkanda. Akasema, "Unajua yote ninayofanya?"

"Ninaona."

"Sema."

Nikasema yote, kuanzia ncha ya kisu. Akafunga mkanda.

Alifariki Jumapili, tarehe tisa Machi, saa nne asubuhi, jikoni kwetu. Alikuwa anamimina kahawa. Kikombe changu kilikuwa kimejaa. Chake bado.

Tulimzika Jumamosi. Bodil alikaa siku tatu, kisha akarudi Aalborg kazini. Henriette akapiga simu.

"Aksel, usijisumbue kuja. Eskil anasema anaweza kuleta watu wiki ijayo, ili wawahi kumaliza."

"Watu wa nini?"

"Wa kung'oa."

"Walipeana mikono kwamba ni Ijumaa ya Aprili."

"Najua. Lakini Gudrun hayupo tena."

"Mkono wa Eskil bado upo," nikasema. "Nitakuja Jumatano."

"Kwani wewe unajua kuosha?"

"Nimetazama miaka hamsini na saba."

Nikaenda na ndoo zake mbili. Ncha ya kisu, brashi ya mtoto, maji mara tatu. Yote sawasawa. Kisha nikaanza kuosha. Nilifuata kila ubao mwanzo hadi mwisho, sikusimama, nikasogea ubao kwa ubao, na nilikuwa ninajisifu kimoyomoyo mpaka mgongo wangu ulipogusa kochi. Nilikuwa kwenye kona ya mbali. Mbele yangu kulikuwa na mita saba za sakafu mbichi, na mlango upande wa pili. Kile kioo cha bahari kinafunguka kwa kubonyeza mahali, lakini mahali penyewe siku zote anapajua Henriette peke yake, na Henriette alikuwa ametoka.

Nikakaa chini na ndoo zangu. Kwenye kochi sikuweza, nguo zilikuwa na sabuni.

Oda akafika kizingitini. Akaniangalia.

"Aksel, mbona umekaa kona kama mtoto aliyeadhibiwa?"

"Ninangoja ikauke."

"Ulianzia mlangoni?"

"Nilianzia mlangoni."

Akatikisa kichwa. "Gudrun angecheka."

"Hangecheka. Angesema nirudi kwa nyayo zilezile."

"Basi rudi."

"Sikuacha nyayo," nikasema. "Nilikuwa ninazifuta."

Oda aligeuza kigari akakikalia, palepale kizingitini, akakaa nami kwa saa mbili, mita saba kati yetu. Alinieleza habari za mumewe, nahodha wa feri, aliyefariki mwaka wa tisini na nne. Alisema mwaka wa kwanza alikuwa anapika viazi vya watu wawili. Nikasema mimi bado ninapika vya watu wawili. Akasema, vile vya ziada vikaange kesho yake, vinafaa.

Nikiwa chini pale niliangalia sakafu kwa usawa wa macho. Ikiwa mbichi yote ilikuwa ya rangi moja, na doa halikuwepo. Nilifurahi bure. Ilipokauka, likarudi taratibu, duara jembamba, kama alama ya glasi mezani.

Jumatano tatu zilizofuata nilianzia kona ya mbali. Doa lilipungua tena, lakini halikuisha. Ilipofika siku ya picha, ukisimama mlangoni hulioni. Ukisimama karibu na kioo jua likiwa chini, unaliona. Nilihesabu. Zilihitajika kama Jumatano sita zaidi. Sikuwa nazo.

Ijumaa niliendesha mpaka kule, ingawa Gudrun alikuwa amesema yeye hatakuja kuangalia. Mpiga picha alikuwa ameshasimamisha kamera mlangoni. Eskil alikuwa amevaa soksi nyeusi. Na katikati ya sebule, juu ya doa, palikuwa na kiti cha maua mekundu, na Oda ndani yake.

"Oda," Eskil alikuwa anasema, nadhani si kwa mara ya kwanza, "kiti hicho hakikuchorwa."

"Mimi pia sikuchorwa."

"Ni kwa dakika kumi tu. Mama, tafadhali," Henriette akasema.

"Nimekaa. Piga picha ya ukuta."

Henriette alitazama dirishani. Nikasimama kizingitini na kofia yangu mkononi. Eskil akaniona, akaelewa nini kiko chini ya kiti. Alikuwa na akili.

Alingoja. Kwa kungoja nilimheshimu. Ilichukua dakika arobaini, na Oda alikuwa amekunywa kahawa vikombe vitatu. Mwishowe akashika kigari, akainuka, akaenda ukutani kutafuta choo. Tukamsikia akipapasa.

Eskil alikisogeza kiti pembeni. Akapiga magoti. Jua lilikuwa limepanda juu, lakini alijua pa kutafuta, akaweka shavu karibu na ubao kama nilivyomwona Gudrun akifanya. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akapitisha kiganja juu ya ubao, kwenda na kurudi, kufuata urefu wake.

"Linaonekana," alisema.

"Linaonekana," nikasema. Kusema uongo kungekuwa kumfanya Gudrun naye mwongo.

"Alifanya Jumatano ngapi?"

"Nane. Mimi nne."

"Na zimebaki?"

"Kama sita."

Kutoka ukutani Oda akaita, "Nipapase mpaka lini? Nani alikificha hiki choo?"

Henriette akakimbia kumbonyezea. Eskil alibaki amepiga magoti. Alitazama mbao zile kutoka kwenye kioo mpaka ukutani, mita kumi na moja, kama mtu anayezihesabu. Kisha akasimama, akakiinua kile kiti cha maua kwa mikono miwili, kisiburutwe, na kukirudisha palepale kilipokuwa. Akakizungusha kidogo, kiangalie bahari. Akarudi nyuma, akakiangalia, akakizungusha tena.

"Piga," alimwambia mpiga picha.

Kitabu kimetoka. Henriette alinipa kimoja. Nyumba ya kwanza ndiyo hiyo, na kwenye picha hakuna kitu chumbani ila kiti chenye maua mekundu. Chini wameandika habari za nafasi, na jinsi msanifu alivyoweka kumbukumbu moja katikati yake. Oda aliomba nimsomee hapo mara mbili. Kisha akasema nifunge.

Jumatano sita nilizimaliza mwishoni mwa Mei. Sikupunguza hata moja, na unga sikuongeza.

Krismasi iliyopita wakanialika, na Eskil pia. Walitaka kuuweka mti mahali pa mwaka uliotangulia, lakini mahali hapakuonekana. Henriette alitafuta, Eskil akatafuta na rula. Nikawaonyesha. Ninapajua kwa kuhesabu mbao kutoka ukutani. Nilikuwa nimeleta mguu wa mti, nimeuchonga mwenyewe, wa mbao tupu, hata msumari haumo. Wa baba yake Oda sasa uko nje bustanini na maua ndani yake, unavuja unavyotaka.

Tukazunguka. Tulikuwa tisa tena, sote kwa soksi. Mkono wangu mmoja ulishikwa na Oda, mwingine na Eskil, ambaye maneno ya wimbo hayajui zaidi ya ubeti wa kwanza. Mti ulikaa mpaka baada ya mwaka mpya.

Walipoutoa, nilienda na ndoo mbili nikaosha. Nilianzia kona ya mbali.